Msokoto wa Kushoto

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai mgongo umekuachia kidogo, na kwamba Mama Cherehani amekukataza kunyanyua vyuma peke yako, nawe umemwitikia "sawa" kisha ukanyanyua kama kawaida. Mwambie mkeo huyo gauni alilonishonea bado nalivaa kazini, chini ya koti jeupe. Sisi wazima. Mtoto ameanza kutembea na hakuna droo iliyosalimika. Baba yake anakusalimu sana.

Sasa nina neno. Taasisi yetu imejenga ukumbi mpya wa mapokezi, na wakubwa wanataka kitu cha kuning'inizwa katikati, kikubwa kuliko mtu, cha kuonyesha tunachokichunguza maabara. Nikawaambia namjua fundi. Sikusema ni mjomba wangu, wasije wakaona nabeba ndugu. Nilisema tu ni hodari wa kupinda chuma, na huo si uongo.

Kitu chenyewe kinaitwa RNA. Acha nikueleze kwa lugha ya karakana. Ndani ya kila seli ya mwili kuna kabati la michoro, ndiyo DNA, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Kabati halitoki chumbani mwake. Mwili ukitaka protini, iwe ya msuli, ya damu au ya nywele, unanakili mchoro mmoja kwenye uzi mmoja, na uzi huo ndio RNA. Unatoka chumbani, unakwenda kwenye kiwanda kidogo sana kinachoitwa ribosomu. Ujumbe umeandikwa kwa herufi nne tu, A, U, G na C, na kiwanda kinazisoma tatu tatu. Kila tatu zinaagiza kipande kimoja, tunakiita asidi amino. Vipande vikiungwa kwa mpangilio huo, protini imepatikana.

Lakini nani analeta hivyo vipande? Kuna RNA nyingine, mbebaji, na hiyo ndiyo ninayotaka uitengeneze. Ni uzi mmoja wa viungo sabini na sita ambao unajikunja wenyewe. A inashikana na U, G inashikana na C, mpaka uzi unakaa kama kiwiko kilichokunjwa. Ncha moja imeshika asidi amino, ncha nyingine ina herufi tatu za kutambua ujumbe. Pale uzi unaposhikana, unajisokota kama ngazi ya kuzunguka.

Michoro nimechora mwenyewe, nimeinakili kwa karatasi angavu, ile inayoonyesha pande zote mbili, kutoka kwenye picha ya kompyuta. Nimeifunga humu. Ikipendeza, ofisi ya shule za mkoa itataka nyingine ndogo thelathini. Hiyo ni kazi ya karakana yako kwa miaka miwili, Mjomba. Fikiri.

Mpwa wako


27 Februari

Maswali,

Marahaba, tena marahaba sana. Jina hili siliachi hata uwe daktari mara tatu. Mtoto aliyeniuliza kwa nini moto hauna kivuli, nami nimeshika mashine ya kuchomelea, hana jina jingine kwangu. Mgongo uko palepale. Paa la karakana limeanza kuvuja juu ya benchi, nimehamisha picha ya mama yako kwenye ukuta wa ndani. Mama Cherehani anasema hata huko haikuning'inizwa sawa. Ananisumbua, kwa hiyo jua ni mzima.

Kazi nimeipenda. Nimeitazama michoro siku tatu kabla ya kugusa chuma. Huku mtaani naitwa Nyundo Pole na watu wanadhani ni sifa. Ukweli ni kwamba naogopa kuharibu. Viungo vyako nimevihesabu, ni sabini na sita kweli. Nimeelewa kwamba sukari na fosfati ndizo uti wa mgongo wa uzi, na herufi zimetoka pembeni kama meno ya kitana. Nitatumia fito za chuma kwa uti na vipande vya bomba kwa herufi, rangi nne.

Sasa swali, na mara hii ni langu. Msokoto wako unapanda kwenda kushoto. Nimemwaga droo nzima mezani. Skrubu zote, bolti zote, hadi mfuniko wa chupa, zinapanda kwenda kulia. Ukiacha pedali ya kushoto ya baiskeli na koki ya mtungi wa gesi, sijaona kitu kinachopanda hivi. Labda mwili hauna habari na skrubu zangu, mimi sijui. Ila nimefungua kitabu chako cha shule kilichobaki hapa, na ile ngazi ya DNA nayo inapanda kulia.

Naomba unijibu kabla sijapinda ufito wa kwanza. Chuma kikishapindwa kinarudi kwa shida, na kikirudi kinabaki na alama.

Mjomba


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mtoto alikuwa na homa, kisha nikaitwa kwenye usaili wa kwanza wa ukuu wa kitengo. Tumebaki wawili. Mwenzangu ni mwanamume aliyesoma na nusu ya jopo, kwa hiyo naandika ripoti mpaka macho yanauma. Ukumbi unazinduliwa Juni na mimi ndiye msimamizi wa lile umbo. Wataniangalia kwa hilo pia.

Kuhusu swali lako: fuata mchoro, Mjomba. Nakuomba sana usibuni. RNA haijui skrubu wala mifuniko ya chupa, na kile kitabu ni cha watoto. Nakuambia jambo moja ninalowafundisha wanafunzi wangu. Ribosomu haiulizi. Ujumbe ukija, inasoma tatu tatu na kuunga, tatu tatu na kuunga. Herufi moja ikiwa si sahihi inaunga hivyo hivyo, na kosa linakuwa la aliyenakili. Ndiyo maana kazi inakwenda haraka. Nawe mara hii uwe kama kile kiwanda.

Msalimie Mama Cherehani. Nimekimbia.

Mpwa wako


2 Juni

Maswali,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu homa ya mtoto ilipoa. Hapa Mama Cherehani ameng'olewa meno mawili na amekuwa mpole kwa wiki nzima, hali ambayo nimeifurahia kimyakimya.

Umbo limekwisha. Jana tuliliinua kwa mnyororo kwenye boriti, watu wa mtaa mzima wakaja kulitazama. Muuza vipuri wa jirani akauliza ni la nini. Nikamweleza kuhusu ujumbe, na kiwanda, na kipande kinachoshikwa kwenye ncha. Akaniambia, "Kumbe mwilini mwangu kuna mafundi na hawajawahi kunidai." Tulicheka sana. Ukweli nilijivuna. Miaka yote natengeneza madirisha ya kuzuia wezi, na hiki ni kitu cha kwanza nilichotengeneza ambacho watu wanakitazama bila kuwaza mwizi.

Nilifuata mchoro kama ulivyosema, kila kiungo. Pale kwenye kiwiko nilirudia mara nne mpaka fito zikalala.

Kwa ajili ya zile thelathini za shule nimewaambia wateja wangu wa madirisha watafute fundi mwingine mwaka huu. Ofisi ya shule imeniandikia kwamba wanangoja tu uzinduzi. Nimeshaweka hata fremu ya mbao ya kupindia, ili zote zitoke sawa. Dereva wa taasisi yenu atapita Jumatatu kuchukua umbo. Mwambie asilivute kwa kamba kwenye ile ncha ya asidi amino, pale ndipo pembamba.

Nitafurahi ukiniandikia walisema nini.

Mjomba


30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na meno ya Mama Cherehani. Sisi wazima.

Uzinduzi ulikwenda vizuri kwa jumla. Kulikuwa na neno dogo kuhusu umbo, mambo ya kitaalamu, linashughulikiwa. Zile za shule usizianze kwanza.

Jambo jingine. Barua zangu za zamani sidhani kama kuna haja ya kuzitunza. Karatasi zinaleta panya, na paa lako linavuja. Zichane tu.

Nina kazi nyingi. Nitaandika zaidi.

Mpwa wako


19 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, na panya hatuna.

Ulisema utaandika zaidi, nikangoja. Badala yako wameandika watu wawili. Wa kwanza ni ofisi yenu ya manunuzi. Barua ina mistari minne. Inasema umbo limeshushwa kwa sababu "fundi alikiuka mchoro aliopewa", na kwamba jina langu limeondolewa kwenye orodha yao. Wa pili ni ofisi ya shule. Wamesikia, wamesitisha.

Yaliyobaki nimeyapata kwa dereva wako, aliyepita kurudisha mnyororo wangu. Anasema alikuwepo mama mmoja mzee, profesa mgeni. Alisimama chini ya umbo, akanyoosha dole gumba la mkono wa kulia juu, akakunja vidole kufuata msokoto, na vidole vikakataa. Akajaribu mkono wa kushoto, vikakubali. Akacheka, akawaambia wenzake kwamba RNA ya namna hii haijapata kuonekana katika kiumbe chochote. Wageni wote wakaanza kukunja vidole. Mkurugenzi akakugeukia kukuuliza. Dereva anasema ulijibu upesi sana, kama mtu aliyekuwa ameshika jibu mkononi. Ulisema ni fundi wa mtaani, hukuweza kumsimamia kwa karibu.

Mimi si mtu wa kuzunguka maneno. Hilo ulilisema au hukulisema? Nijibu kwa neno moja, linatosha.

Mjomba wako


15 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tatu. Mtoto mzima. Baba yake hajui kwamba nakuandikia.

Uliniuliza kwa neno moja nami siwezi kujibu kwa neno moja. Watu mia mbili walikuwa wananitazama. Mwenzangu wa usaili alikuwa amesimama pembeni ameshika glasi, anatabasamu. Mimi ni msichana aliyelelewa nyuma ya karakana, na wote pale wanangoja siku nitakayoonekana hivyo. Kama ningesema mchoro ni wangu, yangekwisha palepale. Mtu anayechunguza RNA kwa miaka kumi na moja na hajui inasokotwa upande gani! Wangenicheka mpaka nistaafu.

Jopo linataka maelezo kwa maandishi kabla ya uamuzi. Nimekuandalia karatasi, iko humu. Inasema tu kwamba ulibadilisha msokoto kwa makosa, kwa nia njema. Hakuna atakayekushtaki, nimehakikisha. Unasaini chini, unairudisha.

Najua ni kitu kizito kukuomba. Lakini tuseme ukweli, Mjomba, wewe huna cha kupoteza kama mimi. Wewe ni fundi. Leo wamekunyima hili, kesho atakuja mtu anataka dirisha. Kwangu hakuna mlango wa pili. Na hata sifa yangu ni sifa yako, wewe ndiye uliyenilea.

Naomba ifike kabla ya tarehe kumi.

Mpwa wako


3 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari za hapa utazipata mbele.

Karatasi yako hii hapa, imesainiwa. Nimesaini mezani, Mama Cherehani akiwa amesimama mlangoni. Alisema neno moja tu, "Usithubutu." Hajaniambia jingine tangu juzi. Ananiwekea chakula na kuondoka.

Nimekasirika, na nataka ulisome hilo waziwazi usije ukasema mjomba alielewa. Unasema sina cha kupoteza. Mimi sina cheti hata kimoja. Sina ofisi, sina jopo. Kitu pekee nilichokuwa nacho mtaani hapa ni kwamba ukimpa Nyundo Pole kipimo, kipimo hicho ndicho utakachokikuta. Watu walikuwa wanatoka mbali kwa sababu hiyo. Sasa muuza vipuri ananisalimia huku anatazama pembeni, na yule mwenye hoteli aliyetaka reli za ngazi amesema atafikiri. Reli za ngazi, na mimi ndiye nimezifunga mtaa mzima. Ofisi ya shule wamempa kazi mtu mwingine. Fremu ya kupindia nimeipasua kuni.

Uliniambia ribosomu haiulizi. Mimi niliuliza. Niliuliza kwa maandishi, kabla ya ufito wa kwanza, nikakuonyesha na skrubu na kitabu. Nilikuambia chuma hakirudi. Ukaniamuru niwe kama kiwanda, na nilipokuwa kama kiwanda ukanibebesha kosa la aliyenakili. Kwa maelezo yako mwenyewe ya mwezi wa tatu kosa hilo ni la nani? Nisomee tena, wewe ndiye mwalimu.

Barua zako sikuzichana, na hakuna atakayeziona. Niliwahi kukusikia unasema ujumbe wa RNA ukishatumika mwili unaukatakata, hauna haja nao tena. Nadhani ndivyo ulivyonifikiria.

Basi usiulize kwa nini nimesaini. Mama yako alinishika mkono kwenye kitanda cha hospitali, wewe una miaka tisa, umekaa chini unachora sakafuni kwa chaki. Aliniomba nisikuache uanguke. Nilimwitikia. Nimetimiza, na tukikutana huko aliko nitamwambia ilikuwa ghali.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mjomba wako


11 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Ulisema nisiandike nami nimeandika, nisamehe. Natumai Mama Cherehani anaongea. Dereva aliniambia alipita mtaani akakuta karakana imefungwa, mlango umewekwa tangazo la kupangisha. Ni kweli umeifunga, Mjomba?

Nimepata ukuu wa kitengo. Walitangaza wiki iliyopita. Umbo jipya limetengenezwa na kampuni moja kwa plastiki, linapanda kulia kama inavyotakiwa, na kila asubuhi napita chini yake nikitazama sakafu.

Ni mimi, Mjomba. Niliigeuza karatasi angavu ili wino usichafuke, halafu nikasahau kuirudisha, nikaandika herufi upande ule ule. Kwa hiyo kila herufi ilisomeka vizuri na kila msokoto ulikuwa kinyume. Niligundua siku ileile ya uzinduzi, nilipokwenda ofisini kuitafuta nakala. Niliiweka kwenye dirisha nikaona. Barua yako ya Februari nayo ilikuwa kwenye droo ileile. Ukweli ni kwamba siku ilipofika niliisoma juujuu nikiwa nimesimama, nikaudhika. Niliudhika kwamba fundi wa madirisha ananiuliza mimi habari za RNA. Hilo ndilo sikutaka kuliandika mwezi wa nane. Nilijisikia mkubwa.

Tarehe kumi na tatu Desemba kuna hafla ya kunikabidhi ofisi. Kila mtu anakuja na wazazi wake. Mimi sina mwingine. Nataka ukae mbele. Nitasimama niwaambie wote wewe ni nani wangu, na wewe ndiye ulinifundisha kushika kitu mkononi kabla ya kukiamini. Tafadhali njoo. Nitamtuma dereva awachukue wote wawili.

Mpwa wako, Maswali


4 Desemba

Daktari,

Barua imefika. Hongera kwa cheo. Usimtume dereva, sitakuja.

Nilifikiri sana kabla ya kuandika hili. Ukumbi ule wananijua. Mtu aliyesaini kwamba alipotosha msokoto yumo kwenye faili lao, kwa jina lake lote na saini yake. Nikikaa mbele, utasema nini? Kwamba mjomba wako ndiye yule fundi? Watauliza kwa nini ulimficha mwanzo. Au utasimama useme kweli, upoteze ofisi siku ileile unayokabidhiwa? Hutasema. Nakujua, na hata mimi sitaki useme, maana kama ni hivyo nilisaini bure. Umekiri kwangu mimi, ambaye nilikuwa najua tangu Februari. Wengine uliowadanganya bado hujawaambia.

Uliuliza kuhusu karakana. Nimepangisha kwa muuza magodoro. Mimi nimeajiriwa kwa fundi wa mageti, kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika mashine. Ananiheshimu, ananiita Mzee, ananipa kazi za kukaa kwa sababu ya mgongo. Mama Cherehani ameanza kuongea nami. Kuhusu wewe haongei.

Nikueleze kisa cha wiki iliyopita, kisha nikuache. Mteja alileta mchoro wa geti. Limechorwa lifungukie ndani, na ndani uwanja wake unapanda. Niliona siku ya kupima, kwa macho tu, bila futi. Geti lile lingegota ardhini kabla ya kufika nusu. Miaka arobaini ya kazi, kitu kama hicho nisingekinyamazia. Ningemwita mteja, ningemchorea chini kwa kijiti, ningebishana naye mpaka aelewe au anifukuze. Safari hii mdomo ulifunguka kuuliza, nikaufunga. Nilikata, nikachomelea, nikapaka rangi, nikalifunga kama lilivyochorwa.

Likagota. Mwenye nyumba akanifokea mbele ya jirani zake na mbele ya kijana wangu, akaniuliza mimi ni fundi gani nisiyeona. Nami nilikuwa nimeona.

Kwa hiyo usisumbuke tena na ile karatasi niliyokusainia. Ilipokuwa uongo ilinitesa. Sasa mimi ni fundi wa namna hiyo kweli.

Mjomba wako